Kabla Wakili Hajafika Rungwa

Mama mmoja alifungua fundo la khanga yake juu ya dawati la shule ya msingi pale Itigi, akatoa karatasi 3 zilizokunjwa mpaka zikaanza kuachana kwenye mikunjo. Nilikuwa mwanafunzi wa sheria wakati huo. Tulikuja kundi dogo na mwalimu wetu ambaye ni wakili, tukae siku 2 kusikiliza watu wenye mashauri. Mama huyo alikuwa ametoka Rungwa kwa gari la mizigo, akalala njiani. Karatasi ya kwanza ilikuwa hukumu ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, iliyompa shemeji yake shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Ya pili ilikuwa stakabadhi ya mbegu. Ya tatu ilikuwa barua ya mwenyekiti wa kitongoji, haina tarehe.

Nilisoma ile hukumu nikafurahi, maana ilikuwa na kasoro ambazo hata mimi wa mwaka wa 3 niliziona. Halafu nikatazama tarehe. Rufaa kutoka baraza la wilaya kwenda Mahakama Kuu inakatwa ndani ya siku 45. Mama alikuwa na miezi 7.

"Mwanangu, waliniambia nisubiri nakala," akasema.

Alikuwa ameiomba nakala kwa mdomo, dirishani, zaidi ya mara moja, na kila mara kwa nauli ya kukopa. Hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba aliwahi kuiomba.

Ndugu msomaji wa Rungwa, na wewe wa kijiji chochote kilicho mbali na mahakama, makala hii naiandika kwa sababu ya mama yule. Kliniki za sheria zipo, na kazi yao ni njema. Lakini mwanafunzi na mwalimu wake wakifika wanakuta kesi imeshajengwa, au imeshabomoka, muda mrefu kabla yao. Aliyeijenga ni wewe, kwa karatasi uliyoihifadhi na tarehe uliyoiandika.

Tuanze na kliniki yenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na kitivo cha sheria mwaka 1961, na mwaka 1967 walimu wa kitivo hicho wakaunda Kamati ya Msaada wa Kisheria. Walitaka kumsaidia mtu asiye na fedha ya wakili, na papo hapo kumfundisha mwanafunzi kwamba nyuma ya kila kifungu cha sheria kuna mtu aliyekaa kwenye benchi anasubiri. Baadaye vikaja vyama na vituo vingine vyenye nia hiyo: Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, yaani TAWLA, kilichosajiliwa mwaka 1990, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu mwaka 1995. Jirani zetu Kenya walikuwa na Kituo cha Sheria tangu 1973. Uganda, kituo cha mafunzo ya uanasheria cha Kampala kina kliniki yake, na Chuo Kikuu cha Makerere kina kliniki inayoshughulikia hasa mashauri yanayogusa umma.

Katika kliniki ya chuo, mwanafunzi anakusikiliza, anafungua jalada, anatafuta sheria na hukumu za nyuma, anaandika rasimu ya barua au ya maombi. Mwalimu ambaye ni wakili anaikagua na kubeba dhamana. Mwanafunzi haruhusiwi kusimama mahakamani kukuwakilisha kama wakili. Vivyo hivyo msaidizi wa kisheria wa kijijini kwako, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017: kazi yake ni kukuelimisha, kukuelekeza mahali sahihi pa kupeleka shauri, kukusaidia kupata nyaraka na kuwashauri wanaogombana wapatane. Huyo naye si wakili, na akikuambia atakusimamia mahakamani anakudanganya. Sheria hiyohiyo inataka huduma itolewe bure. Ukiombwa "hela ya faili", "hela ya mafuta" au "chai ya hakimu" na mtu anayejiita wa msaada wa kisheria, ondoka pale na jina lake ukalitaje kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri.

Hapa niseme neno kuhusu vishoka, yaani wanaojifanya mawakili, kwa sababu wamewatesa watu wa vijijini kuliko hata wanaoshitakiana nao. Kishoka huvaa koti, hubeba begi, hujua majina ya makarani wote. Atakuandikia hati ya madai kwa Kiingereza usichokielewa, ingawa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamefanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Njia rahisi ya kumjua ni hii: sheria inamtaka anayeandaa hati ya mahakama aandike jina lake na anwani yake juu ya hati hiyo. Kishoka haandiki. Atakuambia usaini wewe na uonekane umeandika mwenyewe. Kama ana jina la wakili, kijana yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kulitafuta kwenye mfumo wa Mahakama ya Tanzania uitwao e-Wakili.

Sasa, umbali. Anayekaa Dodoma mjini au Dar es Salaam akikosea karatasi anarudi kesho yake. Rungwa iko zaidi ya kilomita 150 kutoka Itigi, kwenye njia panda ambapo barabara ya Itigi kwenda Makongolosi na Mbeya inakutana na ile ya Ipole, Tabora. Masika gari linaweza kukwama siku nzima. Kwa hiyo safari moja ya kwenda kwenye kliniki ni mali, na usiende nayo hovyo.

Kabla ya safari, kaa na mtu mmoja anayeandika vizuri, mwanao wa sekondari anatosha, muandike nusu ukurasa. Anza na mwaka. Watu wengi wakifika mezani huanza na uchungu: "Jirani yangu huyu roho yake tangu zamani..." Nauelewa uchungu huo, na mwanafunzi mwema atakuacha umalize. Lakini dakika 20 zitakwisha na hajaandika kitu. Andika hivi: "Mwaka 2009 serikali ya kijiji ilinipa ekari 6, mkutano mkuu wa kijiji ulipitisha, fulani na fulani walikuwepo. Mwaka 2016 nilipanda mikorosho. Mwezi Machi 2023 fulani aliingia akalima nusu. Nilikwenda kwa mwenyekiti tarehe fulani. Baraza la kata lilituita tarehe fulani. Sasa nataka hiki." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Unataka nini? Shamba lirudi? Ulipwe mazao? Jirani aache kuchunga pale? Mtu anayejua anachokitaka husaidiwa haraka, na wakati mwingine anagundua kwamba anachokitaka hakihitaji mahakama.

Kama hukumbuki tarehe, tumia vile mnavyokumbuka nyumbani. Ilikuwa kabla ya kuuza tumbaku au baada? Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha? Mtoto yupi alikuwa mgongoni? Nimeona tarehe zikipatikana kwa kadi ya kliniki ya mtoto na kwa stakabadhi ya chama cha msingi. Ile stakabadhi ya mbegu ya yule mama, niliyoidharau mwanzoni, ilikuwa ushahidi kwamba alilima shamba lile mwaka ambao shemeji alidai kulikuwa pori.

Karatasi asilia usimwachie mtu. Mwanafunzi, wakili, mwenyekiti, mtu yeyote. Toa nakala, na kama hakuna mashine karibu, piga picha kwa simu: mchana, nje kwenye mwanga, karatasi imenyooka, pembe zote 4 zionekane, na upande wa nyuma pia, kwa maana mihuri na tarehe za kupokelewa mara nyingi ziko huko. Mtumie picha hizo ndugu mmoja aliye mjini ili simu ikipotea zisipotee. Na kila barua unayopeleka ofisini, iandike mara 2. Moja wanabaki nayo, ya pili wanaigonga muhuri wa kupokelewa na kuandika tarehe, unarudi nayo. Ofisa akikataa kugonga, nenda na shahidi, mwandike jina la ofisa, saa na siku.

Narudia jambo la nakala ya hukumu kwa sababu ndilo lililomuumiza yule mama. Siku ile ile hukumu inaposomwa, hata kama umekasirika, hata kama unalia, usiondoke kabla hujaandika barua ya kuomba nakala ya hukumu, tuzo na mwenendo wa shauri, na kugongewa muhuri kwenye nakala yako. Barua yenyewe ni mistari 4. Sheria ya Ukomo wa Muda inaruhusu siku ulizosubiri nakala zisihesabiwe, lakini mahakama itauliza uliomba lini, na jibu lazima liwe kwenye karatasi.

Siku zenyewe si sawa kwa kila shauri. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya una siku 30. Kesi ya jinai iliyoamuliwa na Mahakama ya Wilaya inataka utoe taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, halafu rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Mfungwa anaweza kutoa taarifa hiyo kupitia kwa mkuu wa gereza, kwa hiyo ndugu mkimtembelea mkumbusheni. Aliyefukuzwa kazi isivyo halali, na kuna vijana wengi wa upande huu wanaoajiriwa kwenye kambi za uwindaji na mashamba, ana siku 30 tu za kupeleka lalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mgogoro wa kudai ardhi una miaka 12, na hiyo miaka 12 hudanganya watu. Mtu anasema bado nina muda, mashahidi wanazeeka, wanakufa, wanahamia Chunya kwenye dhahabu.

Mashauri ya ardhi ndiyo mengi mezani. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, watatu kati yao wawe wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, halitoi tena hukumu ya ardhi. Linasuluhisha ndani ya siku 30, na likishindwa linatoa cheti cha kwamba limeshindwa. Bila cheti hicho Baraza la Wilaya halikusikilizi, isipokuwa siku 30 zikipita bila Baraza la Kata kusuluhisha. Watu wamekwenda Manyoni na kurudi mikono mitupu kwa kukosa cheti kinachotolewa kwenye kata yao. Na kama Baraza la Kata limekupa kitu kiitwacho "hukumu" baada ya 2021, kilete kliniki kama kilivyo, usikitupe wala usikitii kabla hakijasomwa.

Ukisikia mtu anasema ardhi ya kimila si miliki kamili, mkumbushe kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali akiandika, ilisema haki ya ardhi ya kimila ni mali, na Katiba inailinda kama inavyolinda mali nyingine. Mkulima wa kawaida ndiye aliyeshinda. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaja na hatimiliki ya kimila, na inasema wazi kwamba halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo unapogaiwa eneo, omba muhtasari wa mkutano ule. Mwenyekiti anayekugaia ekari kwa mdomo, jioni, nyumbani kwake, anakupa kesi ya miaka 10 ijayo.

Rungwa ina jambo lake ambalo vijiji vya Iramba au Mkalama havilijui kwa uzito huohuo. Pori la akiba la Rungwa, pamoja na Kizigo na Muhesi, liko mlangoni. Wakimbu wameweka mizinga katika misitu hii tangu vizazi na vizazi. Wafugaji wamekuja na ng'ombe. Tembo hawasomi ramani. Usimamizi wa mapori ya akiba uko mikononi mwa TAWA, mamlaka ya serikali ya wanyamapori. Mgogoro wa mpaka, ng'ombe waliokamatwa, shamba lililoliwa, ndugu aliyeuawa na nyati: haya yote yana njia zake, na kila njia ina karatasi yake.

Tembo wakila shamba, kanuni za mwaka 2011 chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori zinatoa kifuta jasho, na kwa aliyejeruhiwa au familia ya aliyeuawa, kifuta machozi. Si fidia ya kilichopotea, na ni vyema ulijue hilo mapema usije ukaumia mara ya pili. Malipo ya mazao hupangwa kwa ekari na kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, kwa hiyo aliyelima ukingoni kabisa mwa hifadhi asitarajie. Toa taarifa asubuhi ileile kwa mtendaji wa kijiji, kwa maandishi. Piga picha za nyayo, za kinyesi, za mabua yaliyovunjika, mtu akisimama shambani ili ukubwa uonekane. Usilime upya wala kung'oa mabaki kabla ofisa wanyamapori hajafika kutathmini. Ninajua njaa haisubiri, na kuona shamba limelala vile wiki nzima kunauma. Lakini shamba lililosafishwa halina tathmini. Omba nakala ya fomu ya tathmini, uisome namba ya ekari waliyoandika kabla hujasaini. Viwango vinaweza kubadilishwa, muulize ofisa vya mwaka huu.

Ukikamatwa, wewe au mwanao, kwa tuhuma za kuingia hifadhini au kukutwa na nyara, hapo ndipo neno moja la pupa hugharimu miaka. Mashauri ya nyara za serikali huangukia kwenye sheria ya uhujumu uchumi, na adhabu zake ni kali. Usikimbie, usipigane, usitoe fedha. Askari akichukua kitu chako, baiskeli, panga, nyama, ng'ombe, anatakiwa kuandika hati ya ukamataji mali, isainiwe na wewe na mashahidi. Omba isomwe kwa sauti kabla ya kusaini. Kama imeandikwa ng'ombe 40 na wewe ulikuwa na 52, sema hapohapo iandikwe 52. Mahakama huamua mashauri mengi kwa karatasi hiyo moja. Kituoni una haki ya kumjulisha ndugu au wakili, na una haki ya kunyamaza mpaka huyo afike. Unatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo; kwa shauri la uhujumu uchumi, isizidi saa 48. Nyumbani, ndugu waandike siku, saa na mahali alipokamatwa, na majina ya walioona. Kazi ya kwanza ya kliniki katika shauri la jinai ni kupanga saa hizo. Kwa mashitaka mazito, Sheria ya Msaada wa Kisheria inampa hakimu au jaji uwezo wa kuelekeza mshitakiwa asiye na uwezo apatiwe msaada, kwa hiyo mshitakiwa asione haya kusema mbele ya mahakama: "Sina uwezo wa kumlipa wakili, naomba msaada."

Kuhusu ndoa na mirathi nitapita haraka, maana TAWLA na wengine wameyafundisha sana, ila mambo machache bado hayajafika Rungwa. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mwaka 1990, kule Mwanza, Jaji Mwalusanya alikataa mila iliyomzuia binti kuuza shamba la ukoo alilorithi, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo hapewi mali ziwe zake. Anatakiwa ndani ya miezi 4 kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni, na baadaye hesabu ya alivyozigawa. Wajane wengi hawajui kwamba wanaweza kwenda kuuliza: hesabu iko wapi?

Sasa lile ambalo naliona ndilo hasa la kliniki za vyuo, na ambalo halifanywi vya kutosha. Mtu mmoja aliyenyang'anywa ekari 3 ni shauri la mtu mmoja. Lakini kaya 60 zinazogombana na mamlaka juu ya alama za mpaka zilizosogezwa ni shauri la umma, na hakuna mwananchi mmoja mwenye nguvu ya kulibeba. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, anayetaka kuishitaki halmashauri, wakala au shirika la umma anatakiwa kutoa notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri liende Mahakama Kuu. Mwaka huohuo, sheria ya kutetea haki za msingi ilibadilishwa ili anayefungua shauri la kikatiba aonyeshe kwa kiapo namna yeye mwenyewe alivyoguswa. Maana yake kwa Rungwa ilikuwa nyepesi kueleza: kwa marekebisho hayo shirika la mjini halikuweza tena kusimama peke yake kwa niaba yenu. Ni salama zaidi majina yawe yenu.

Hapo ndipo mwanafunzi anaweza kufanya kazi ambayo wakili wa kulipwa hana muda nayo. Akae wiki 2 kijijini, atembee kaya kwa kaya, aandike nani alilima wapi tangu lini. Atafute Tangazo la Serikali lililotangaza mpaka na ramani yake, alinganishe na cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi. Ninyi kwa upande wenu fanyeni mkutano wa kijiji ulioitishwa kwa utaratibu, muhtasari uandikwe, mahudhurio yasainiwe, na mchague watu 3 au 4 wa kusema kwa niaba ya wengine. Msichague wenye hasira zaidi. Chagueni wenye subira na wasiohamahama, na mwanamke awemo, kwa maana mara nyingi yeye ndiye anayejua mpaka wa shamba kwa kuulima. Mkiwa tayari na hayo, andikeni barua kwa mkuu wa kitivo cha sheria cha chuo chochote, Dar es Salaam, Dodoma, Mzumbe, Iringa, mwambatanishe nakala. Msisubiri msafara utangazwe. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyoanza mwaka 2023 imewafikia wengi mikoani, na kampeni kama hiyo ikija wahini. Lakini kampeni hukaa siku chache, na shauri la mpaka hukaa miaka.

Nanyi wadogo zangu mnaosoma sheria, maneno machache. Msiahidi ushindi. Ukimaliza kuandika maelezo ya mtu, msomee yote kwa Kiswahili chepesi kabla hajasaini, na umuulize umekosea wapi, atakuonyesha. Mzee ukimkuta amekaa, mwamkie kwanza, kalamu baadaye. Usimhoji mke mbele ya mume au shemeji. Mwachie namba ya simu ya ofisi, isiwe yako peke yako, kwa sababu wewe utahitimu na jalada litabaki. Likizo ikikaribia, andika kwenye jalada tarehe inayofuata kwa wino mwekundu na umkabidhi mtu kwa jina. Nimeshuhudia mteja akipoteza shauri kwa sababu mwanafunzi aliyekuwa nalo alikwenda kwenye mitihani na hakumwambia mtu.

Yule mama hatukumrudisha bure. Sheria inaruhusu kuomba kuongezewa muda wa kukata rufaa, kwa sababu za msingi, ila mwombaji anatakiwa aeleze kila siku ya ucheleweshaji. Siku zote za miezi 7, kasoro zile 45. Mwalimu wetu alimwekea kiti karibu yake, akaniambia nichore mistari kwenye karatasi kama kalenda.

Tukaanza kuhesabu. Mama aliinamisha kichwa. Siku ya hukumu, alisema, ilikuwa Jumatano, alirudi Rungwa Ijumaa. Safari ya kwanza ya kufuata nakala ilikuwa wiki aliyouza mbuzi. Aliyemnunua yupo, na anaweza kusema. Safari ya pili barabara ilikatika, dereva aliwarudisha, na abiria wenzake wawili aliwataja kwa majina. Kisha mjukuu aliugua, kadi ya hospitali ya St. Gaspar ilikuwa nyumbani, tarehe zimeandikwa. Nilijaza mraba baada ya mraba. Jua lilipoanza kushuka nyuma ya madarasa, yalibaki mapengo ya siku 11, na mwalimu akasema tutamsubiri mpaka azikumbuke.